Kirimi Alirudi Nyumbani

Siakago, 8 Septemba 2025

Kwa Tata Marcella mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi ni mzima. Kazi ya ofisi ya kilimo ni ile ile, wakulima wanapalilia vumbi wakingoja mvua ya Oktoba. Je, masikio yako yanaendeleaje? Mwirigi alipopita huku na lori lake la ndizi ameniambia kwamba siku hizi hata kengele ya kanisa unaiona tu ikiyumba. Usijali, barua zinatosha. Kwenye simu tulikuwa tunapigiana kelele mpaka majirani zangu wakadhani nina kesi ya shamba.

Tata, filamu ya Kirimi imetoa sehemu ya pili. Nimeona uso wake kwenye tangazo Embu mjini, amezeeka lakini ni yeye. Miaka ishirini na tano nimengoja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ulipoweka tivi nyuma ya kinu cha unga pale sokoni Mitunguu, ukasimama kando na fimbo, ukitutafsiria Kizungu kwa Kimeru. Nimeitazama labda mara arobaini, na kila mara petroli ya jenereta iliisha kabla ya mwisho, ukapanda kwenye kreti ya soda ukatumalizia kwa mdomo: Kirimi na yule daktari wanaruka kutoka sayari ya vumbi, wanatua salama, wanaoana, serikali inamletea nishani, anaikataa na kuomba jembe. Sijawahi kuitafuta kwenye mtandao. Nilitaka ibaki na sauti yako.

Tarehe 27 nitampeleka Wanja, yule mwalimu wa hisabati niliyekutajia wakati wa Pasaka. Nitamsimulia ya kwanza tukiwa njiani, ili asipotee.

Niombee.

Mtoto wako,
Muthomi

*

Mitunguu, 14 Septemba 2025

Kwa mtoto wangu Muthomi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Ndizi ziko sawa, maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, na mbuzi mweupe amezaa mapacha. Masikio ni ya uzee, wacha yapumzike.

Kuhusu hiyo filamu, mimi shangazi yako naona usiende. Vitu vya kurudiwa huwa havina ladha. Mpeleke Wanja akaone maporomoko ya maji, au mkale nyama.

Kama ni lazima uende, usimsimulie kitu. Hasa mwisho. Mwanamke hapendi mwanaume anayeongea sana njiani. Na ukiona jambo usilolitarajia huko ndani, kumbuka kwamba mimi nilikuwa mwanamke mwenye jenereta ndogo.

Nimempa Mwirigi mkungu mmoja akuletee. Zimeiva upande mmoja, anza na huo.

Ni mimi tata yako,
Marcella

*

Siakago, 29 Septemba 2025

Kwa Tata,

Natumaini u mzima pamoja na mapacha. Ndizi nilizipata, asante. Barua yako pia niliipata, lakini Mwirigi aliileta jana, siku moja baada ya filamu, ikiwa imelala chini ya magunia. Nimeisoma mara tatu na nina maswali.

Nieleze kwanza ilivyokuwa. Nilimsimulia Wanja yote, kutoka Siakago mpaka Embu. Alinisikiliza kwa makini, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika na mwisho, nikamwambia filamu nimeitazama mara arobaini. Kumbe yeye, kwa ualimu wake, alikuwa ameitafuta ile ya kwanza wiki iliyotangulia, akaitazama yote akiandika mambo muhimu kwenye daftari. Alikuwa ananisahihisha kimoyomoyo.

Tukaingia. Skrini ni kubwa kama ukuta wa ghala, sauti inakupiga kifuani. Mwanzo wake ni mzuri, Tata. Zile mashine zenye miguu ya buibui zimerudi, sasa zinaruka, na vita vya kwanza vilinifanya nishike kiti kwa mikono miwili. Kisha akatokea yule daktari. Amekuwa nyanya mwenye mvi, anaishi na bwana mwingine, na Kirimi hajulikani aliko. Nilisimama. Nilisema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, "Huyo ni mke wa Kirimi!" Mtu wa nyuma akaniuliza Kirimi ni nani. Nikamwambia ni huyo mwenye filamu. Akaniambia mwenye filamu haitwi hivyo hata kidogo. Wanja alinivuta shati nikakaa.

Baadaye wanampata Kirimi akiwa amegandishwa kwenye barafu huko angani. Amekaaje kwenye barafu mtu aliyerudi kulima? Nusu ya filamu niliitazama nimekasirika. Sehemu nyingine kuna utani mwingi usiochekesha, kila mtu anarusha neno kabla ya kurusha risasi. Halafu kuna mahali Kirimi anapanda ngazi kumfuata binti yake ambaye hajawahi kumwona. Magoti yanamshinda, anakaa kwenye ngazi ya tatu kupumzika, huku nyumba inaungua. Hapo nililia. Kwa hiyo siwezi kusema ni mbaya. Siwezi pia kusema ni nzuri. Ni kama kumwona mtu uliyemjua amevaa nguo za mtu mwingine.

Tulipotoka, Wanja alinionyesha daftari. Katika ile ya kwanza Kirimi hakurudi. Alifunga lango akiwa ndani ili wengine waondoke, na filamu ikaishia hapo. Akaniambia kwa utulivu, "Muthomi, sijali kama hukuitazama. Lakini kwa nini uniambie mara arobaini? Mtu anayedanganya kitu kidogo namna hii, kikubwa atafanyaje?" Hajanisalimu tangu hapo.

Tata, jenereta ndogo maana yake nini?

Mtoto wako,
Muthomi

*

Mitunguu, 5 Oktoba 2025

Kwa Muthomi,

Salamu. Natumaini unakula vizuri, mtu mwenye huzuni hujisahau. Mimi niko sawa, ila pacha mmoja hanyonyi vizuri.

Nimejua siku hii itafika tangu ulipoandika neno tangazo. Basi ni kweli. Ule mwisho ni wangu. Petroli ilikuwa ikiisha, watu wamekaa gizani wanasubiri, wengine wametoka mpaka Kanyakine kwa miguu, na mimi nimeshika fimbo. Ungefanya nini? Nilisema lililonijia. Hata jina nilimpa mimi, kwa sababu lake sikulishika, na Kirimi ni jina la mtu anayependa kulima. Alivyokuwa akichimba ule mchanga wa sayari, niliona linamfaa.

Kizungu chenyewe nilikuwa nakijua nusu. Hata yule mzee mwenye kofia mle ndani, huenda hakuwa chifu. Mimi nilimwona na kofia nikasema ni chifu.

Mwonyeshe Wanja barua hii. Mwambie lawama ni zangu, wewe ulikuwa mtoto umekaa kwenye gunia mbele kabisa.

Nisamehe.

Ni mimi tata yako,
Marcella

*

Siakago, 13 Oktoba 2025

Kwa Tata,

Natumaini pacha amepata nafuu.

Barua nilimpelekea Wanja shuleni wakati wa mapumziko. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya mfuko wake, akarudi darasani.

Sijakasirika sana. Lakini nimekuwa nikiwaeleza watu habari za jembe la Kirimi tangu nikiwa shule ya msingi. Nilizieleza hata kwenye usaili wa kazi hii, nilipoulizwa kwa nini nilichagua kilimo. Ukipata nafasi ya kuniambia kitu kingine chochote ulichokibuni, niambie mapema.

Muthomi

*

Mitunguu, 2 Novemba 2025

Kwa mtoto wangu Muthomi,

Nakusalimu sana. Umenyamaza wiki tatu na sikukulaumu. Nimeona hukuandika "mtoto wako" mwishoni, nalo hilo nilistahili.

Wanja alikuja jana. Peke yake, na daftari lenye mistari ya miraba. Niliona mwanamke mrefu akisimama penye mgomba wa kwanza akihesabu kitu kwa vidole, nikajua ni yeye. Alipoona sisikii, aliketi akawa anaandika, mimi namjibu kwa mdomo.

Hakuzunguka. Aliandika: "Petroli iliishaje mahali pale pale mara arobaini?"

Muthomi, nimelea watu, nimeuza ndizi kwa madalali, na hakuna aliyewahi kunibana hivyo. Alikuwa amepiga hesabu ya lita na dakika. Nikamwambia ukweli ambao wewe sikukuandikia, kwa kuwa niliona haya kuzigusa siku zile kwa kalamu.

Baba yako, ndugu yangu, tulimzika Machi mwaka ule, nawe ukaja kukaa kwangu. Mpaka Juni hukuwa ukisema lolote ila ndiyo na hapana. Siku ya kwanza ya filamu ile nilikuwa sijaitazama mpaka mwisho, niliifungua mbele ya watu kama nilivyoletewa. Katikati ulinivuta sketi ukaniuliza, "Tata, huyu atarudi nyumbani?" Lilikuwa swali lako la kwanza tangu mazishi. Nikakwambia atarudi. Sikujua. Nilisema tu kwa sababu umeuliza. Basi filamu ikaendelea, nikamwona amesimama penye lile lango, amegeuka kuwatazama wenzake, nikaelewa inaelekea wapi. Jenereta ilikuwa nyuma yangu. Nikaizima kwa kisigino.

Watu walipiga kelele karibu wavunje viti. Wewe hukupiga kelele. Ulikaa ukingoja niseme, nami nikapanda kwenye kreti. Na ukishasema jambo siku ya kwanza mbele ya soko zima, utalibadilishaje siku ya pili?

Mwisho wenyewe niliutazama baadaye, mchana mmoja, mlango nimeufunga. Nililia. Ni mwisho mzuri. Bado naona wangu ni bora.

Wanja aliweka kalamu chini. Alikula nduma mbili. Kisha akaandika, "Basi hakunidanganya." Nikamwambia wewe hujui kudanganya, ndiyo maana nilikudanganya kwa urahisi. Akacheka, nikaona meno. Akauliza kama huwa unamzungumzia baba yako. Nikamwambia sijawahi kusikia, hata nilipokuwa nasikia.

Amesema atakuja kwako ofisini. Vaa lile shati la bluu.

Ni mimi tata yako,
Marcella

*

Siakago, 10 Novemba 2025

Kwa Tata yangu,

Salamu nyingi. Mvua imefika, na ofisi imejaa watu wanaotaka mbegu ya ndengu. Mimi ni mzima, mzima kweli.

Wanja alikuja Alhamisi wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa na barua yako ndani ya droo, nimeisoma mpaka mikunjo inakatika. Tata, mimi sikumbuki kwamba nilikuwa nimenyamaza. Nakumbuka gunia, harufu ya petroli na fimbo yako. Kimya sikikumbuki kabisa.

Nilimwomba Wanja anisimulie ule mwisho wa kweli, polepole, tangu anaposhika lango. Akanisimulia. Kirimi anawasukuma wenzake nje mmoja mmoja, anafunga, na kupitia kioo anamwonyesha daktari kiganja chake. Basi. Nami nikamweleza habari za baba, jinsi alivyotoka asubuhi ile ya mwisho kwenda kazini na akarudi mlangoni kuniuliza kama nimemaliza uji. Sikuwahi kumweleza mtu. Chakula chetu kilipoa.

Na nikwambie jambo linaloniudhi. Sasa nimeanza kuipenda ile ya pili. Kama alijifungia kule, basi ile barafu ina maana, na binti ana maana, na yale magoti kwenye ngazi ndiyo kabisa. Nataka kurudi kuitazama. Wanja naye tangu atoke kwako amegeuka, anasema sehemu ya pili haikuhitajika, kwa kuwa Kirimi alikuwa ameshapata jembe lake, na watengenezaji wangekuuliza wewe kwanza. Tumebishana siku nne. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Akasema daftari ni la ushahidi, si la mapenzi.

Hilo neno la mwisho alilisema mbele ya wakulima sita. Nilimuuliza kama anamaanisha mapenzi ya filamu. Akasema nisimsumbue na maswali yenye jibu moja tu.

Jumamosi tunakuja wote wawili. Anataka umsimulie yote tangu mwanzo kwa Kimeru, wakati mimi nikikamua mbuzi. Nilimwambia yeye ni Mwembu, hataelewa kila neno. Anasema ataelewa nusu, na nusu hiyo inamtosha.

Mtoto wako,
Muthomi