Nimeifunika Ikiwa na Maji Ndani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiichapa barua hii weka herufi moja tu ya jina langu, maana ghuba yetu ina nyumba kumi na nne na zote zinakusoma.

Tunaishi kando ya ziwa, hapa kaskazini mwa Minnesota, mimi, mume wangu, na baba mkwe wangu, nimwite Orvin ingawa si jina lake, fundi mstaafu wa mabasi ya shule ambaye kila Oktoba ndiye aliyekuwa akiandaa pikipiki za maji za ghuba nzima zipate kulala salama majira ya baridi, mwaka jana zilikuwa nane zimepangwa kwenye trela uani kwetu, ila tangu Aprili mikono yake inatetemeka, na mwaka huu majirani, bila kumwambia neno, wamezipeleka zao mjini, ikabaki yetu moja.

Jumamosi ile nikasema nitaiandaa mwenyewe, nimpumzishe. Nimempelekea kahawa bandani miaka kumi na moja akifanya kazi hiyo, nikadhani kuona ndiko kujua. Nilikuwa nimeshaunganisha mpira wa maji wa kusafishia injini, akaja mlangoni akauliza, "Nikusaidie?" nikamjibu hapana Baba, kaa tu, usijisumbue, kama tunavyojibu huku, maana wewe unajua, mtu akikupa kitu unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu unapokea. Baadaye akauliza tena akiwa ngazini, nikakataa tena, nikawa nasubiri ya tatu. Nikasikia mlango wa nyumba unafungwa.

Basi nikafungua maji, nikaenda kutafuta miwani, nikarudi nikabonyeza kuwasha, injini ikasema tuk, ikakwama. Nikabonyeza tena, kimya. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yeye huwasha kwanza ndipo afungue maji, na akimaliza hufunga maji kwanza ndipo azime, kwa sababu maji yakiingia injini ikiwa imezimwa hayana pa kutokea, yanarudi mpaka kwenye silinda. Nilijua hayo, mshauri, niliyajua kwa kuchelewa. Nikafunga maji, nikatoa betri nikaipeleka kwenye chumba cha chini ya nyumba kama afanyavyo yeye, nikaziba ekzosi kwa waya laini panya wasijenge, nikaifunika kwa turubai, ukiitazama huoni kasoro.

Mezani akauliza, "Imeendaje?"

Nikasema, "Si mbaya sana."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea sahani ya viazi, na tangu siku hiyo hajakanyaga bandani. Kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada, anawaambia watu eti mkwe wake sasa anajua kila kitu, hahitaji mtu, na watu wanacheka, na mimi naona aibu hadi masikio yanawaka. Mume wangu anasema ningoje mpaka Mei, tutasema panya wamekula nyaya. Siku tisa zimepita na usiku ndoo ya uani inaganda. Niseme, nikamvunje moyo mzee ambaye mwaka huu ameshavunjwa vya kutosha, au ninyamaze mpaka barafu iondoke?

J., ghubani

*

J.,

Barua huku hujibiwa kwa zamu. Yako nimeitanguliza kwa sababu baridi haina zamu.

Kukosea mpira wa maji si dhambi, mafundi wazima wamelikosea jambo hilo. Lakini ile turubai uliivuta kwa akili zako timamu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yako afadhali yangemwagika. Yamo ndani ya silinda, yanangoja kuganda na kupasua chuma. Na huyo panya wa mumeo mwacheni alale. Mtu aliyefungua injini maisha yake yote ataiona kutu Mei, atajua ni maji, na atajua mlimdanganya majira mazima. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Sasa hilo la mara ya tatu. J., desturi ile ni ya kahawa na kipande cha mwisho cha keki. Nimeishi ukingoni mwa ziwa miaka arobaini, naipenda, lakini ina mahali pake. Majirani saba walishamkataa mzee huyu pasipo kusema. Akaja kwako, wa nane, akaomba mara mbili, nawe mara mbili ukamwambia kwa upole kabisa kwamba mikono yake haitakiwi. Huyo hana ya tatu mdomoni. Na yale ya kanisani usidhani anakusifia. Anauguza kidonda.

Unauliza kama utamvunja moyo. Umeshamvunja, ila si kwa maji.

Kazi yenyewe hii hapa. Mtu asibonyeze stata, kile kitufe cha kuwashia, kabla plagi hazijatoka. Wekeni hita bandani nusu siku, kama kuna barafu iyeyuke. Toeni plagi zote, funikeni matundu kwa kitambaa, rudisheni betri, ndipo mzungushe injini kwa stata maji yaruke nje. Kisha mafuta ya kulainisha kwenye silinda, plagi zirudi, iwashwe kidogo, na mwisho dawa ya kuzuia kuganda ipite kwenye njia za maji. Huenda chuma kimeshapasuka. Basi mtauona ufa nyote wawili.

Umeyasoma? Usiyafanye peke yako. Ukienda kimyakimya leo mchana ukairekebisha, utakuwa umeponya injini na kumzika mtu. Kinachotetemeka ni mikono, kichwa chake hakitetemeki. Yeye aseme, wewe ushike spana.

Nenda kabla ya chakula cha mchana, msipokuwa na wageni. Usianze na hali ya hewa, nakujua, utaanza na hali ya hewa. Mwambie, "Baba, nilifungua maji kwanza. Sijui la kufanya."

Usiongeze maelezo. Mpe koti lake, mwende bandani.