Betri Chini ya Kitanda cha Mama

Kaka yangu,

Mama anakusalimu sana. Tangu utuletee gari la umeme kikohozi chake kimepungua, maana lile la petroli lilikuwa linatujazia moshi hadi jikoni.

Ila fundi alipobadilisha betri, ile kuukuu imekosa pa kwenda. Mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyebeba injini ya zamani huku anapiga mluzi, hii aliiona akatimua mbio. Tukaisukuma chini ya kitanda cha mama isinyeshewe. Tangu jana inazidi kuvimba, na ukiigusa ina joto.

Nimemsihi mama atoke, hataki. "Acha woga, mwanangu. Mbona sioni moshi?"

Njoo, kaka. Nakuandikia nikiwa nimekaa hapa kitandani, siwezi kumwacha peke yake.

Mdogo wako