Kona ya Kulungu

Vicolo del Pozzo 4,
Roccavalda, Piemonte,
Italia.
5 Machi 2010.

Mpendwa mdogo wangu Delfina,

Salamu nyingi zikufikie huko Rosario. Mguu wako umepona? Na shemeji Anselmo, bado anakohoa? Sisi huku tu wazima, ila mimi chakula hakipiti, na sina mwingine wa kumweleza sababu.

Asante kwa picha. Nimeziweka juu ya kabati, karibu na kofia ya Ottavio. Sijaifua tangu tumzike. Bado ina chokaa ukingoni.

Unalikumbuka lile jumba la wafalme la kuwindia? Tulikuwa tukiingia kwa dirisha lililovunjika, tukakuta mbuzi wamelala ukumbini. Sasa limekarabatiwa lote, na miaka sita marehemu mume wangu alikuwa akipiga lipu dari zake.

Wiki mbili kabla hajafa, alinishika mkono. Akaniambia kwamba Januari ya mwisho ya kazi ile walikuwa wakiharakishwa ili jumba lifunguliwe Pasaka. Kona moja ya dari ya ukumbi mkubwa, penye kulungu wa lipu, aliitengeneza siku ya baridi kali, na barafu ikaipata chokaa kabla haijakauka. Kwa macho ilikuwa nzuri tu. Akanyamaza, akaipaka rangi. "Ines," aliniambia, "ile kona haitashika."

Nami nikanyamaza miezi kumi na saba. Niliogopa watu wasije wakamwita mlaghai, yeye ambaye nusu ya mji huu wanalala chini ya dari zake.

Jumatatu mjukuu wangu Nives alirudi akirukaruka. "Bibi, Alhamisi darasa letu linaenda kwenye jumba! Tutalala chali sakafuni tutazame wanyama!" Mwiko uliniponyoka ukazama kwenye ugali wa polenta.

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Ukumbini sikuthubutu kuinua macho. Nikatazama sakafu. Chini ya kulungu palikuwa na unga mweupe, kidogo tu, kama wa kuokea mkate. Palmira, mama anayelinda ukumbi, alikuja na ufagio.

"Kila asubuhi naufagia," akasema akicheka. "Vumbi la wafalme hilo, mama, haliishi."

Nikamwambia yote, ila jina la Ottavio nililitaja kwa sauti ndogo mno.

"Sema tena, mama, sijasikia."

Nikasema tena.

Wasimamizi wa jumba walifunga ukumbi, wakamwita Berto, yule aliyefanya kazi na Ottavio tangu ujana. Utakumbuka Ottavio alivyokuwa akigonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, hata kanisani siku ya harusi yetu, ukamcheka. Lipu nzima hujibu nzito. Iliyobanduka ndani hulia kama mtungi mtupu. Basi Berto akapanda jukwaa, akagonga. Nzito. Nzito. Nzito. Kisha sote tukausikia mtungi.

Alipokigusa tu kwa kiganja, kichwa cha kulungu kikang'oka kizima na pembe zake. Kishindo chake bado kimo kifuani mwangu. Kilipasukia pale pale ambapo watoto wangelala.

Berto alishuka mweupe kwa vumbi. "We Ines, nani alikuambia?"

"Ottavio."

Akavua kofia. "Mkaidi yule! Mpaka kaburini bado anakagua kazi." Nikacheka, halafu nikalia mbele ya watu wote. Najua wataongea. Waongee.

Lakini hofu haijanitoka, Delfina. Januari ile ile, baridi ile ile, Ottavio alipiga lipu dari ya chumba cha nyuma hapa kwetu, anamolala Nives. Sikulikumbuka hilo mpaka nilipofika nyumbani. Nimekwisha kuhamisha kitanda chake. Berto alitaka kuja kuipima, nikamkatalia. Nyumbani mwangu nitapima mwenyewe. Ngazi iko tayari chumbani tangu jana, na mara mbili nimepanda nikateremka bila kugonga. Yeye hakunitajia dari hii. Sijui alisahau, au alishindwa kusema.

Nisalimie Anselmo, mwanao Renzo na mkewe, na wajukuu wote. Mungu awaweke chini ya kivuli chake, huko na huku.

Kesho asubuhi nitapanda tena, nami nitagonga. Niombee ijibu nzito.

Dada yako akupendaye,
Ines