Modemu Iliyokataliwa na Jicho la Mama

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumatano, 9 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na kichanga, tumbo limetulia? Sisi tu wazima, ila mimi nina kichefuchefu cha siku tisa kisicho na dawa. Nimekipata kwa kampuni ya intaneti.

Jana ulituona tumekupigia kutoka kwa kinyozi, mama amekaa kwenye kiti cha wateja, ukacheka mpaka ukapaliwa. Sikutaka kukueleza mbele yake.

Modemu uliyotutumia ili tumwone mtoto kwenye runinga ilifika salama. Kumbuka kabla hujainunua niliwauliza watu wa kampuni, wakasema aina hiyo inafaa. Nikaichomeka, taa ya tatu ikabaki nyekundu. Nikapiga simu. Eti kifaa hakitambuliki. Wakamleta fundi, akapita na matope yake hadi kwenye zulia, akaitazama modemu kama panya aliyekufa. Hata kuigusa hakuigusa. "Hii si yetu."

Nilipombana akanong'ona kwamba modemu ni nzima na laini inaiweza. Ni wakubwa zake tu hawataki kuiandikisha, ili tukodi ya kwao. Na ya kwao, mpaka wiki tatu! Ptu!

Wiki tatu, na mama anapasuliwa jicho kesho. La kushoto limeshazima, hilo tulikuficha, nisamehe. La kulia, ndilo la kupasuliwa, daktari hakuahidi kitu. Mama alichotaka ni kumwona mjukuu kwanza, na kwenye kioo cha simu yangu haoni ila ukungu.

Nikamshika mkono mpaka ofisini kwao. Karani anatafuna chingamu, macho kwenye kucha.

"Mfumo umekataa, dada."

Mama akamuuliza kwa upole, "Huo mfumo una mama, binti yangu?"

Yule msichana akapuliza puto la chingamu, likapasuka mbele ya uso wa mama yetu. Nikamvuta mama tukatoka. Mpaka leo nikipita mlango ule mate yananijaa.

Kinyozi wa hapa chini ya ghorofa yetu aliposikia akasema, "Ileteni hapa." Yeye ana intaneti ya kampuni nyingine. Akawasomea namba ya modemu kwa simu, na kabla hajamaliza kumnyoa mteja wake taa zote zikawa kijani. Akaunganisha runinga yake kubwa ya ukutani. Ndipo ukatuona.

Ambacho hukukiona ni hiki. Ulipokata simu, mama hakushuka kitini. Alisogeza uso karibu na kioo cheusi cha runinga, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaniambia, "Ana masikio ya baba yenu. Sasa wapasue."

Shangazi na binamu mwalimu wanakusalimu. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu sasa hivi; mpigie mama leo, asikie sauti yako kabla ya kesho. Mungu akutunzie mtoto.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa moyo wote.