Mkate wa mama mkwe niliokata kingo

Kasese, Jumapili, 1974. Mvua imeisha sasa hivi, laini zote za polisi, kambi tunamoishi, ni matope.

Sijui nianzie wapi. Nimekaa uani juu ya ndoo niliyoipindua, daftari mapajani.

Leo mama mkwe alikuja kutoka Bwera, kule mpakani. Hajawahi kuingia nyumba hii tangu mwanawe Baluku anioe, mwaka wa tatu sasa, bila mtoto. Mke wa sajini, jirani yangu, alinipasha wiki nzima kwamba mama anakuja na habari ya mke mwingine, Mkonzo wa kabila lao, siyo Mteso kama mimi.

Basi nikasema atanitambua mimi ni mke wa namna gani.

Juzi mama alitutangulizia mkate mzima na mayai kwa dereva wa lori. Mkate siku hizi unatafutwa kwa tochi. Nikaukata mwembamba, nikapaka siagi, nikapanga matango, nikaondoa kingo zote, kisha nikakata vipande vya upana wa vidole viwili, kama tulivyofundishwa klabu ya akina mama. Mwalimu wetu alisema mgeni wa heshima hapewi kingo. Kingo nikaanza kuwamwagia kuku.

Mayai nilimpa jirani. Harufu yake inanipindua tumbo. Sababu naijua, ila sijamwambia mtu, hata Baluku, maana mimba ya mwaka jana ilitoka kabla sijamaliza kuifurahia.

Saa kumi nikamwandalia chai na sahani yangu ya sandwichi. Baluku alikuwa zamu, tulikuwa wawili tu. Mama akaitazama sahani. Akaitazama tena.

"Nani amekula mukate yangu, akaachia mimi hii ya katikati?"

Nilitaka ardhi inimeze! Nikajieleza, maneno yakagongana.  Alitoka uani akawakuta kuku wanagombania mkate alioupangia foleni mpakani tangu alfajiri. Nusu ya kingo ilikuwa bado kwenye beseni. Akalibeba ndani, akaketi, akaanza kuzichovya kwenye chai na kula, moja baada ya nyingine.



Nikajua yamekwisha. Kichwani nilishaanza kufunga nguo zangu.

"Na mayai iko wapi?"

Nikasema ukweli, nimeyagawa. Akaniangalia usoni polepole, halafu tumboni.

"Inakunukia mubaya?"

Moyo ulinilipuka. Mume ninayelala naye hajui, huyu amejua kwa mayai! Nikaitika kwa kichwa, machozi yakinitoka kama mtoto.

Akaisukuma sahani yote mbele yangu. Kwao mtoto wa kwanza akiwa wa kiume huitwa Mumbere, wa kike Masika, hakuna mjadala.

"Kula. Mumbere iko na njaa. Ao ni Masika, tutaona."

Nimekula zote, yeye akamaliza kingo. Mke mwingine hakutajwa. Sijui kama alikuja naye moyoni akamrudisha, na sitauliza.

Sasa nasikia buti za Baluku mlangoni. Mama yake yuko ndani na uso wa mtu aliyeficha kitu mdomoni, nami bado sijapata pumzi. Je, niinuke nimwambie mwenyewe, kabla mama hajanitangulia?