Mwenzi wa Kuzamia

Roselyn, usinipigie, nitalia tena kwa treni. Soma tu.

Nimetoka bwawa la kuogelea huko mtaa wa Vällingby, lile darasa la kuzamia nililokwambia. Si nilitaka niende kile kisiwa cha Thailand nikijua kupumua chini ya maji. Ile safari ya watu wawili niliyopanga kabla Wayne hajaniacha na kuhama.

Mwalimu akasema kila mtu ashike mwenzake, kwa sababu hakuna anayezamia peke yake. Wote walikuja wawili wawili. Nikabaki mimi na mitungi ya hewa. Akasema basi, wewe utazamia na mimi.

Sasa huko chini hakuna kuongea. Kila mara mwenzako anakuonyesha duara la vidole, yaani uko sawa? Na lazima ujibu. Lazima, Roselyn.

Aliponiuliza mara ya tatu nikalia. Ndani ya maji. Miwani ikalegea, maji yakaingia puani, akanivuta juu mbio akidhani nakufa. Darasa zima linanitazama. Nikasema ni klorini. Eti klorini.

Na mkono wake bado nilikuwa nimeung'ang'ania. Akaniambia polepole, "Unaweza kuniachilia sasa."

Halafu akaniletea fomu. Ukipata shida huko kisiwani, apigiwe nani? Miaka sita niko Stockholm, na nimeshika kalamu kama mtoto wa nasari.

Nimeandika namba yako ya Kisumu. Ukiona simu ya ng'ambo, tafadhali pokea.