Jiwe Linaloshika Laini ya Nyumbani

Jumamosi, Buterere, pembeni ya Bujumbura. Mawingu yamelala chini tangu asubuhi, lakini mvua bado. Nimefua suruali ya kazi, nimeianika, nimekaa mlangoni na simu hii. Tangu jana jioni niliposhuka kwenye lori sijasema neno na mtu, isipokuwa muuza maandazi, na yeye nilimwonyesha kwa vidole tu. Mawili.

Naandika kwa sababu jana nilifanya jambo linaloniuma, na sina wa kumwambia.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Mkongomani, kwetu ni kijiji kimoja ng'ambo ya ziwa, kusini ya Uvira. Shule niliacha darasa la sita. Hapa Bujumbura nimebeba saruji, nimepakua magunia kule Zone Industrielle, penye viwanda, na sasa ni miezi saba nachimba njia.

Ni njia za wageni wanaotembea kwa miguu kwa kupenda, ndani ya hifadhi ya milimani, kusini ya mji, pale mlima unaposhuka karibu kuingia ziwani. Tuko watano. Jumatatu lori linatupandisha, Ijumaa linatushusha, katikati tunalala kwenye hema. Tunakata vichaka, tunapanga mawe ya ngazi, tunachimba vifereji vya kutoa maji, tunapaka alama nyekundu ili mgeni asipotee.

Mwanzoni tulikosea sote. Tulipandisha njia moja kwa moja, kama wanavyopanda mama zetu na mizigo kichwani, chini hadi juu bila kona. Shefu, ndiye msimamizi wetu, alifika nusu akakaa chini akihema. "Hii ni njia ya mbuzi," alisema. Tukaanza upya, kona baada ya kona. Mpaka leo sielewi mtu anayekwenda mlimani bila mzigo halafu anataka kuzunguka. Lakini nimejifunza. Mkono wangu sasa unajua jiwe lipi litakaa na lipi litacheza.

Mkono huo ndio ulioniponza.

Mwezi wa pili wa kazi, saa ya kula, nilijitenga nikapita vichakani kwa haja zangu, mpaka kwenye jiwe kubwa lililotokeza juu ya bonde. Simu ikatetemeka mfukoni. Ina laini mbili, ya hapa na ya Kongo, na ile ya Kongo ilikuwa imekufa tangu nilipovuka mpaka. Juu ya jiwe lile ilifufuka. Ujumbe ukaingia mmoja mmoja, mwingine wa wiki nyingi nyuma, wote wa mke wangu. Wa mwisho ulisema: Baba Neema, uko?

"Niko," nilijibu kwa sauti, peke yangu, hata kabla ya kupiga.

Tangu hapo kila saa sita mchana nilikuwa pale. Mke wangu ana simu ya vibonyezo, haina intaneti, na kumpigia kwa laini ya hapa ni kumaliza vocha kwenye salamu. Juu ya jiwe tulikuwa kama majirani. Ila nikiri jambo moja: maneno yalituishia haraka. Umekula? Nimekula. Mtoto? Yuko shule. Halafu kimya, kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake.

Siku moja katika kimya hicho nikaona mvua.

Kijiji chetu kiko chini kabisa, kati ya mlima na maji. Mvua yetu inatoka nyuma ya mlima, na aliye chini haioni mpaka imfikie kichwani. Mimi niliona. Kutoka huku ng'ambo niliona wingu jeusi limekaa juu ya mgongo wa mlima wetu, linaanza kumwagika kuelekea nyumbani. Nikamuuliza, "Mama Neema, umeanika?" Akasema mihogo yote iko kwenye turubai, jua ni kali. Nikamwambia anue. Akacheka. Nikamwambia tena, anua. Kesho yake aliniambia alipofunga gunia la mwisho tone la kwanza likaanguka.

Mihogo ikinyeshewa baada ya kulowekwa inaota ukungu, na unga wake unanuka. Ni chakula cha mwezi.

Basi hiyo ikawa kazi yangu. Saa sita napanda juu ya jiwe, naangalia mlima, yeye anauliza, "Tuanike ao tungoje?" Nami nasema. Majirani wakajua. Walianza kumpitia mchana wakimwuliza, "Bwana yako anasema nini leo?" Kuna mama mmoja mzee ambaye hajawahi kunipenda tangu nilipooa pale, naye alikataa kuanika mpaka nimeongea. Mke wangu alinisimulia huku anacheka hadi anakohoa. Baba aliye mbali anatuma anachoweza. Mimi nilikuwa natuma mvua.

Sikuwahi kujisikia niko nyumbani kama pale juu ya jiwe.

Kwenda na kurudi kila siku kunatengeneza njia. Miguu ilianza, mimi nikamalizia. Nilikata miiba. Nikaweka jiwe moja la kukanyagia penye utelezi, halafu la pili. Mwishowe ngazi kumi na moja, na kifereji. Hakuna aliyenituma. Nilipanga vizuri kuliko njia yenyewe, kwa sababu ile nyingine ni ya wageni na hii ilikuwa ya kwangu.

Alhamisi alikuja mama mmoja, kiongozi wa wageni, kuijaribu njia kabla haijafunguliwa. Alipofika pale njia zinapoachana, akafuata ile nzuri. Akafuata ngazi zangu. Zikamfikisha ukingoni mwa jiwe, na chini yake kuna shimo la kumeza nyumba. Mguu wake uliteleza kwenye kuvu, akakamata mzizi. Hakuumia. Tulisikia sauti yake tu, na mpaka sasa naisikia.

Jana asubuhi Shefu alitupanga mstari.

"Ni nani alitengeneza hii?"

Nestor, Mrundi tunayelala naye hema moja, alikuwa anaangalia viatu vyake kama ameviona leo. Anajua kila kitu, huwa ananitania, "We mutu wa mvua, kesho tuvae koti?" Nikainua mkono.

"Ulikuwa unaenda kule kufanya nini?"

"Kupumzika, Shefu."

"Umefanya kazi muzuri mahali mubaya," akasema. "Funga. Leo, mbele ya lori kufika. We mwenyewe."

Kupumzika. Hivyo ndivyo nilivyosema. Niliona haya kusema mihogo mbele ya wanaume. Nilifikiri watacheka, mtu mzima amevuka mpaka kuja kuangalia mawingu ya mke wake.

Saa sita nilikwenda mara ya mwisho. Akauliza kama kawaida, "Tuanike ao tungoje?" Niliangalia. Mlima ulikuwa safi, hata makorongo yake niliyaona. Nikamwambia, "Anikeni." Akasema, "Sawa, utaniambia." Maana siku za namna hiyo nilikuwa narudi kwenye jiwe tena mara moja, saa nane hivi, kuhakikisha.

Sikumwambia kwamba leo hakuna kurudi. Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Msalimie mtoto."

Nilianza na ngazi ya juu. Kung'oa jiwe ulilolikalisha mwenyewe ni kazi mbaya, linakataa. Nestor alikuja kunisaidia bila kuitwa, naye akakata miiba tukaishindilia pale njia zinapoachana, mpaka mtu asingejua kulikuwa na kitu. Shefu akaja, akaipiga teke, akaridhika, akakaa hapo hapo kuvuta sigara.

Nilipoinua kichwa, wingu lilikuwa limeshakaa juu ya mlima wetu.

Kubwa kuliko yote niliyoyaona. Laini ya Kongo, hakuna. Laini ya hapa haikuwa na salio. Kati yangu na jiwe kulikuwa na miiba na hatua arobaini. Ningeweza kupita. Ningechanika mikono, Shefu angepiga kelele, basi. Ningeweza pia kufungua mdomo na kusema naomba dakika mbili. Nestor alinitazama, akatazama ng'ambo, akaelewa. Alikuwa ananingoja mimi.

Sikupita.

Nilisimama na panga mkononi nikaangalia mvua ikishuka juu ya nyumba yangu, polepole, mpaka ufukwe wote ukapotea. Kisha lori likapiga honi.

Leo asubuhi nilinunua vocha, nayo kwa vidole. Iko mfukoni, sijaikwangua. Huo ndio ukweli. Sijui kama walisikia upepo wakaanua wenyewe, au walikaa wanangoja simu kwa sababu niliwazoeza kungoja. Naogopa hilo la pili. Namfikiria yule mama mzee.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa narudi. Kulikuwa na harufu ya mvua upande wa mashamba ya mpunga. Jirani wa mlango wa pili alikuwa amepanga maharage kwenye mkeka, ameingia ndani. Nikamwita. "Mama, anua, inakuja." Alitoka akaangalia juu, akaniangalia mimi. "Iye," akasema, "mi nilijua we ni bubu." Tukakunja mkeka pamoja, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili. Aliniuliza nimejuaje. Nikasema nimezoea. Miezi saba tunaishi ukuta kwa ukuta, na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya kwanza.

Mvua imeanza kweli. Suruali yangu nimeisahau kwenye kamba.

Jumatatu, lori likifika juu, kabla sijashika chepe, nitamwambia Shefu nilikuwa nakwenda kwenye jiwe kufanya nini. Nitataja mihogo, kwa sauti, mbele ya wote. Nitamwomba kamba ya kufunga kwenye mti, ya kujishikilia pale ukingoni, na ruhusa ya saa sita tu. Akicheka, acheke. Akikataa, nitakuwa nimesema.

Lakini hiyo ni Jumatatu. Vocha hii inatosha sentensi mbili, tatu. Nimeitoa mfukoni, nina ukucha juu yake.

Nianze na samahani, au nianze kwa kuuliza kama waliwahi kuanua?